Adabu na Mpangilio wa Kuuliza na Kujibu Maswali ya Afya katika Makundi ya Simu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika fani ya tiba usemi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya utambuzi wa maradhi hupatikana katika maelezo ya mgonjwa mwenyewe kabla ya kipimo chochote kuchukuliwa. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1975 ulifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Kwa wagonjwa 66 kati yao, ugonjwa uliotajwa kutokana na barua ya rufaa na historia ndio uliokuja kuthibitika mwishoni.

Siku hizi maelezo hayo hayatolewi katika chumba cha daktari peke yake. Kliniki nyingi za kisukari, za shinikizo la damu na za wajawazito zimeunda makundi ya ujumbe wa simu, ambamo wagonjwa, wauguzi, wafamasia na madaktari huulizana na kujibizana. Makundi haya yana manufaa makubwa. Mtu aliye mbali na hospitali hupata ushauri bila kulipa nauli, na mgonjwa mgeni hujifunza kwa yule aliyeishi na maradhi kwa miaka mingi. Hata hivyo, swali lisilo kamili huzaa jibu lisilo sahihi, na jibu lisilo sahihi likisomwa na watu 200 huweza kuwadhuru wengi zaidi ya yule aliyeuliza.

Makala haya yanakusudia kumwezesha msomaji, awe mgonjwa au mhudumu wa afya, kupanga swali lake likamilike, kujibu kwa uangalifu, kulinda siri za watu, na kutambua ni wakati gani kundi si mahali pa kuuliza.

Swali lililokamilika

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanakundi anaandika: "Shikamoo daktari. Sukari yangu ni 14, nifanyeje?" Ujumbe huu una heshima, lakini hauna habari za kutosha. Mjibuji hajui kama sukari ilipimwa kabla ya kula au baada ya kula, hajui mwulizaji anatumia vidonge au sindano za insulini, na wala hajui kama ana homa, kiu kali au kutapika.

Kipimo chenyewe nacho huhitaji kutajwa. Mashine nyingi za kupimia sukari zilizoko nchini husoma kwa milimoli kwa lita, ilhali nyingine husoma kwa miligramu kwa desilita. Ili kupata miligramu, huzidishwa milimoli kwa 18, hivyo milimoli 14 ni sawa na miligramu 252. Mtu akiandika "sukari yangu ni 70" bila kutaja kipimo, msomaji aliyezoea milimoli atashtuka bure, na wakati huohuo huenda asitambue kwamba miligramu 70 ni takriban milimoli 3.9, yaani sukari iliyo katika mpaka wa kushuka mno.

Swali lilelile lingeweza kuandikwa hivi: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 52, nina kisukari cha aina ya pili tangu miaka 6 iliyopita, natumia vidonge vya metformin asubuhi na jioni. Leo nimepima kabla ya kifungua kinywa, mashine imesoma 14 kwa milimoli. Kwa kawaida huwa 7 au 8. Tangu juzi nina kikohozi na homa, lakini ninakula na kunywa vizuri. Je, nije kliniki leo au nisubiri tarehe yangu?" Ujumbe huu ni mrefu kidogo, lakini unaokoa muda, kwa sababu mjibuji anaona papo hapo kuwa maambukizi huenda ndiyo yaliyopandisha sukari, na kwamba mgonjwa anapaswa kuonwa.

Kwa ufupi, mwulizaji ajitahidi kueleza mambo matano: umri na jinsia, tatizo na lilipoanza, maradhi mengine aliyo nayo, pamoja na ujauzito au kunyonyesha, dawa anazotumia, zikiwemo za asili, na jambo hasa analotaka kujua. Jambo la mwisho husahaulika mara nyingi. Mtu huandika historia ndefu, kisha asiseme anachokiuliza.

Salamu na utaratibu

Katika utamaduni wetu mtu haanzi shida kabla ya salamu, na haifai kuuacha utu huo. Lakini mtu anayeandika "Shikamoo dokta" kisha akanyamaza, akingoja kuitikiwa ndipo aseme shida yake, humchelewesha mjibuji na kujichelewesha mwenyewe. Afadhali salamu na swali visafiri katika ujumbe mmoja.

Vilevile, kabla ya kuuliza ni vyema kutafuta katika kumbukumbu za kundi, huenda swali hilo limeshajibiwa. Anayelirudia swali kwa kutokujua asikemewe. Aelekezwe kwa upole jibu lilipo. Mgonjwa aliyedhihakiwa mbele ya watu huenda asiulize tena, na mficha maradhi, kama tujuavyo, kifo humuumbua. Swali la aibu kwa mwenye afya laweza kuwa swali la uhai kwa mgonjwa.

Adabu ya mjibuji

Wajibu wa kwanza wa mjibuji ni kusoma hadi mwisho. Mwaka 1984 watafiti nchini Marekani walichunguza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa, wakaona kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 tu. Katika ujumbe wa simu kumkatiza mtu ni kujibu mstari wa kwanza na kuuacha wa tatu, ambao pengine ndio wenye kusema kwamba mwulizaji ana mimba ya miezi minane.

Wajibu wa pili ni kuuliza kabla ya kujibu, pale habari zinapopungua. Mzazi akiuliza, "Mtoto ana homa, nimpe paracetamol vijiko vingapi?", jibu la "kimoja" si jibu salama. Kiasi cha kawaida kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa nafasi ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150. Ikiwa chupa ina miligramu 120 katika mililita 5, kijiko kimoja cha kupimia chenye mililita 5 kinatosha. Lakini ikiwa chupa ina miligramu 250 katika mililita 5, kijiko hichohicho kitampa mtoto dozi iliyozidi. Kwa hiyo mjibuji aulize kwanza uzito wa mtoto na maandishi ya kwenye chupa.

Wajibu wa tatu ni kusema mpaka wa ujuzi wake. Mgonjwa mwenzako anayo haki ya kusimulia yaliyomsaidia, mradi aseme wazi kuwa hayo ni yake: "Mimi daktari wangu alinipunguzia dawa hii." Asiseme: "Acha dawa hiyo." Kuna dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa mfano, hapaswi kuacha insulini hata siku ambayo anaumwa na hali vizuri. Dozi yake huhitaji kurekebishwa kwa ushauri wa kliniki. Naye mhudumu wa afya asione haya kuandika, "Hili sina hakika nalo, nitamwuliza mfamasia." Kauli hiyo haimshushii hadhi, bali huwafunza wanakundi uaminifu.

Kusahihishana

Jibu lenye kosa likishatolewa, lisahihishwe mahali palepale lilipoonekana. Kulifuta kimyakimya hakutoshi, kwa kuwa wapo waliokwisha kulisoma na kuondoka nalo, na wengine wamekwisha kulisambaza. Aliyekosea, au msimamizi, aandike neno SAHIHISHO kwa herufi kubwa, ataje kosa lilivyokuwa, kisha atoe jibu sahihi na sababu yake.

Anayesahihisha naye alenge hoja, asimlenge mtu. "Ndugu yangu, kwa mjamzito wa miezi minane ibuprofen haishauriwi, kwa sababu yaweza kuuathiri moyo na figo za mtoto" ni sahihisho. "Wewe umesomea wapi?" ni ugomvi, nao humwacha mjamzito bila jibu.

Wahudumu wanapoulizana wao kwa wao kuhusu mgonjwa, wanaweza kutumia mpangilio wa sehemu nne uliotokana na mawasiliano ya nyambizi za jeshi la majini la Marekani, kisha ukaingizwa katika tiba na taasisi ya Kaiser Permanente huko Colorado. Kwanza hueleza hali iliyopo sasa, pili historia kwa ufupi, tatu tathmini ya mwulizaji mwenyewe, na nne ombi lake. Muuguzi wa zahanati anayefuata mpangilio huu husikilizwa upesi, kwa maana anayepokea ujumbe anajua tangu mwanzo anachotakiwa kufanya.

Siri ya mgonjwa

Kutunza siri za mgonjwa ni kiapo cha kale cha taaluma ya tiba, na leo ni sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Wengi huvunja siri bila kukusudia. Picha ya kadi ya kliniki huonyesha jina na namba ya faili. Namba ya simu ya kila mwanakundi huonekana na wenzake wote. Hata jina la kundi laweza kuwa ufichuzi: kundi linaloitwa kwa jina la ugonjwa, kama vile la watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, humtangaza kila anayeonekana humo pindi mtoto au jirani anapoishika simu. Ni busara kulipa kundi jina lisilotaja ugonjwa, kumwomba kila mtu ridhaa kabla ya kumwingiza, na kukubaliana kwamba lililosemwa humo halisambazwi nje. Masuala ya sehemu za siri, ya ndoa au ya matokeo ya vipimo yapelekwe kwa mhudumu faraghani, na afadhali zaidi ana kwa ana.

Kazi ya msimamizi

Kundi lisilo na msimamizi hugeuka soko. Msimamizi ahakikishe kanuni zimeandikwa na kila mgeni anazisoma. Kila ujumbe una swali moja na unaanza kwa neno la mada, kama vile DAWA, CHAKULA, MIGUU au TAREHE ZA KLINIKI. Anayejibu anauambatanisha ujumbe wake na swali husika. Na matangazo ya biashara, hasa ya dawa zinazodaiwa kuponya kila ugonjwa, hayaruhusiwi. Kila mwezi akusanye maswali yaliyojirudia pamoja na majibu yaliyohakikiwa na kliniki, ayaweke mahali yanapoonekana kwa urahisi.

Jambo kubwa zaidi ni zamu. Wanakundi waambiwe wazi ni saa ngapi mhudumu huwa anasoma ujumbe na ni saa ngapi hayupo.

Mahali ambapo kundi halifai

Hapa ndipo uhai unapoweza kupotea. Mama anayeandika saa 5 usiku kwamba mtoto wake amepata degedege, kisha akakaa akiitazama simu hadi alfajiri, amepoteza saa ambazo haziwezi kurudishwa. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu apelekwe kituo cha afya mara moja. Vivyo hivyo mjamzito anayetokwa na damu, mwenye maumivu makali ya kichwa na kuona ukungu, mwenye degedege, homa, chupa iliyopasuka, au ambaye mtoto tumboni amepunguza kucheza. Mwenye maumivu ya kifua, mdomo uliopinda ghafla au udhaifu wa upande mmoja wa mwili naye asingoje jibu la mtu yeyote.

Nchini Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa maswali ya afya, na namba 115 ya mfumo wa m-mama hutumika kuomba usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Namba hizi ziwekwe katika maelezo ya kundi ili mtu asizitafute akiwa katika hofu.

Hitimisho

Swali la afya ni amana. Anayeliuliza huweka mwili wake mikononi mwa wenzake, na anayelijibu hubeba sehemu ya mzigo huo. Kundi likiwa na utaratibu, swali likiwa kamili, jibu likiwa na mipaka na siri ikitunzwa, simu ya mkononi huwa daraja la kumfikisha mgonjwa kwa mhudumu wake. Haiwi mbadala wa mhudumu huyo.

Maswali ya kujipima

1. Ni mambo gani matano yanayokamilisha swali la afya?
2. Kwa nini haitoshi kumjibu mzazi "kijiko kimoja" anapouliza kiasi cha dawa ya homa?
3. Jibu lenye kosa limetolewa katika kundi lako na watu wamekwisha kulisoma. Utafanya nini, na utaandika maneno gani?
4. Lichunguze jina la kundi lako na namba zilizoandikwa katika maelezo yake. Ni lipi la kubadilisha leo?