"Bila Kikomo" Ina Kikomo Gani?

Matangazo ya vifurushi vya intaneti "bila kikomo" huishia kwa maandishi madogo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Humo ndimo kikomo kilimo. Mara nyingi huduma haikatwi, bali kasi hupunguzwa mtumiaji anapofikia kiwango kilichowekwa.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari katika Kata ya Themi, Arusha. Kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, faili la GB 1 hupakuliwa kwa takribani dakika 7. Kasi ikishushwa hadi megabiti 1, faili hilohilo huchukua zaidi ya saa 2. Kifurushi hakijaisha, lakini kazi za wateja zimesimama.

Kabla ya kulipa, tunakushauri uulize: kasi hupungua baada ya GB ngapi, hushuka hadi kiwango gani, na hurejea lini? Hifadhi majibu hayo kwa maandishi.

Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako. Lisipotatuliwa, lilete kwetu TCRA, Ofisi ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, pamoja na vielelezo vyako.