Dawa ya Mishipa na Kioo cha Jicho

Konea ni kile kioo kiangavu kilicho mbele ya mboni. Unene wake ni kama nusu milimita, nayo haina mshipa wa damu hata mmoja. Basi niliposoma kwamba madaktari wa Japani wametibu konea kwa msaada wa dawa ya kutanua mishipa, nilistaajabu: wametanua mishipa ipi?

Tutazame kwanza ugonjwa wenyewe. Upande wa ndani wa konea mna tabaka moja tu la seli, yaani chembe hai, ambazo husukuma maji nje usiku na mchana, kama watu wanaochota maji na kuyatupa nje ya mtumbwi unaovuja. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazipati warithi. Zilizobaki hutanuka tu zizibe pengo. Zikipungua mno, konea huvimba na kuwa na ukungu. Ernst Fuchs wa Vienna aliueleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1910. Mgonjwa huona vibaya zaidi asubuhi, kwa sababu usiku kucha kope zimefumbwa na maji hayakupata kukauka. Operesheni ya mtoto wa jicho nayo huweza kuziharibu seli hizo.

Dawa yenyewe huitwa kwa namba: Y-27632. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba hushusha presha ya damu ya panya, kwa kuizuia protini iitwayo ROCK, ambayo hukaza misuli ya mishipa. Lakini protini hiyo imo pia katika seli za konea, na ikizuiwa, seli hushikamana vema mahali zinapowekwa. Kumbe hakuna mshipa uliotanuliwa! Profesa Shigeru Kinoshita na wenzake wa Kyoto walikuza seli za marehemu maabarani, wakazichanganya na dawa hiyo, wakazidunga ndani ya macho ya wagonjwa 11, kisha wakawalaza kifudifudi kwa muda wa saa 3. Mwaka 2018 walitangaza kuwa baada ya wiki 24, wagonjwa 10 walikuwa na seli zaidi ya 1,000 katika kila milimita mraba.

Hata hivyo, konea iliyotiwa kovu na trakoma au mwiba wa shambani haiponi kwa njia hii. Hiyo yahitaji konea nyingine. Wala vidonge vya presha vya babu si vya kusaga na kutia jichoni! Mtu wa Mwello aonaye ukungu hana safari ndefu: Tororo mjini ipo Hospitali ya Macho ya Benedictine, na huko atapimwa ajue kama ana kovu, mtoto wa jicho, au maji katika konea.