Habari ni Habari, Maoni ni Maoni

Somo letu la leo linatokana na magunia ya mahindi. Kikundi kimoja tunachokijua kilikuwa kimeweka mahindi ghalani. Katibu akasoma gazeti kwa sauti: bei itapanda kabla ya Krismasi. Wote wakakubali kungoja. Bei haikupanda, na dumuzi hawakungoja. Walipoutafuta tena ule ukurasa, juu kabisa paliandikwa: Maoni. Hakuna aliyewadanganya. Mtu alikuwa ametoa mawazo yake tu.

Basi tukifungua gazeti, tuangalie kwanza tuko ukurasa gani. Habari inatuambia kilichotokea. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe, na kwa kawaida haina jina la mwandishi. Makala ya maoni ina jina la mwenyewe, na maneno ni yake. Halafu kuna barua za wasomaji, na hapo ndipo mimi na wewe tunapoingia.

Tusidharau barua. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai aliandikia ofisi nyingi akiuliza kwa nini bustani ya wananchi ichukuliwe. Alishambuliwa hata Bungeni. Lakini watu wa kawaida nao wakaandikia magazeti, mjadala ukawa mkubwa, wafadhili wa ng'ambo wakajitoa, na jumba halikujengwa. Si barua peke yake zilizolizuia, lakini bila barua jambo lile lingepita kimya kimya.

Sasa, tuseme zahanati yenu haina dawa. Kuandika "serikali imetusahau" hakumsumbui mtu. Andikeni ni zahanati gani, tangu lini, mama mwenye mtoto mgonjwa hutembea kilomita ngapi, mlienda kwa nani na akawajibu nini. Ukurasa mmoja unatosha. Jina la nesi liacheni, huenda yeye pia anangoja dawa kama nyinyi. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inatupa uhuru wa kujieleza, lakini hapo hapo inakataza uchochezi na kututaka tuheshimu jina la mwenzetu.

Zoezi: Leteni gazeti kwenye mkutano ujao, hata lile lililofungiwa sukari. Mmoja asome makala ya maoni. Wengine wainue mkono kila wakisikia jambo linaloweza kuthibitishwa. Kisha jadilianeni: ni nani anayeguswa na jambo hili ambaye mwandishi hakumtaja?