Oktoba 25 Katika Historia ya Vita: Maswali na Majibu ya Kudurusu

Mtahiniwa, ukisoma majibu haya usikimbilie idadi ya waliokufa. Katika kila pambano jiulize kwanza: nani alijua nini, na alikijua saa ngapi?

Swali la 1. Taja matukio ya kijeshi yanayokumbukwa kwa tarehe 25 Oktoba.

Yapo mengi, lakini matano yanatosha: Agincourt, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1415, Balaclava, katika rasi ya Crimea, 1854, kupinduliwa kwa serikali ya muda huko Petrograd, Urusi, 1917, vita vya baharini vya Ghuba ya Leyte, Ufilipino, 1944, na uvamizi wa Grenada, kisiwa cha Karibea, 1983. Ukiulizwa kilichoyakutanisha siku hiyo, jibu ni sadfa. Usijitungie sababu.

Swali la 2. Je, kweli yote yalitokea siku ileile ya mwaka?

Hapana, na hapa wengi hupoteza alama. Mwaka 1415 Ulaya ilifuata kalenda ya Julius. Kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia leo, Agincourt inaangukia 3 Novemba. Mwaka 1854 Waingereza walishahamia kalenda mpya, Warusi bado. Kwa hiyo majeshi mawili yalipigana Balaclava asubuhi moja, moja likaandika 25 Oktoba na lingine 13 Oktoba. Mapinduzi ya 1917 yalikuwa 25 Oktoba kwa Warusi na 7 Novemba kwa wengine. Ndiyo maana Umoja wa Kisovyeti uliadhimisha Mapinduzi ya Oktoba mwezi wa Novemba. Huko Leyte, jua lilipochomoza tarehe 25, Washington ilikuwa bado tarehe 24.

Angalia na saa. Ripoti za kijeshi huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo ukikuta 0700 andika saa moja asubuhi. Mawaziri wa serikali ya muda waliokuwa katika Kasri la Majira ya Baridi, Petrograd, walikamatwa kama saa nane usiku, na kwa saa za huko tarehe ilikuwa imeshaingia 26. Sisi tungesema "usiku wa kuamkia tarehe 26", na tungekuwa tumeeleza vizuri zaidi.

Swali la 3. Kwa nini jeshi dogo na gonjwa la Henry wa Tano, mfalme wa Uingereza, lilishinda Agincourt?

Henry alikuwa ameteka mji wa Harfleur mwezi wa Septemba, lakini ugonjwa wa kuhara damu ulimpunguzia watu. Akawa anaelekea Calais kwa nchi kavu, na Wafaransa wakamkatia njia. Alikuwa na watu kati ya 6,000 na 9,000, wengi wao wapiga mishale. Wafaransa walimzidi.

Majibu mengi ya wanafunzi husema "upinde mrefu" kisha nukta. Upinde ulisaidia sana, lakini tazama ardhi. Uwanja ulikuwa shamba lililotoka kulimwa, limebanwa na misitu miwili, ule wa Azincourt na ule wa Tramecourt. Mvua ilinyesha usiku kucha. Askari wa Kifaransa, amevaa deraya ya chuma mwili mzima, alilazimika kulivuka tope hilo kwa miguu huku akiinamisha kichwa ili mshale usimpenye kwenye tundu za macho. Kadiri walivyosogea ndivyo misitu ilivyowabana, na waliokuwa nyuma wakazidi kuwasukuma wa mbele. Wengine walikosa hata nafasi ya kuinua mkono. Aliyeanguka aliangukiwa na mwenzake. Wapiga mishale, waliokuwa wamesimika mbele yao vigingi vilivyochongwa ili kuzuia farasi, walipoishiwa mishale walichukua shoka, nyundo na visu. Hawakuwa na deraya nzito, wakatembea pale ambapo mabwana walikwama.

Mkuu wa jeshi la Ufaransa, Charles d'Albret, aliuawa. Charles, mtawala wa Orléans, alichukuliwa mateka akakaa Uingereza miaka 25.

Swali la 4. Mauaji ya mateka pale Agincourt yaelezwe vipi?

Yaelezwe bila kufichwa. Ilipoonekana kwamba Wafaransa wangeshambulia upya, na mizigo ya Waingereza kule nyuma ikawa imevamiwa, Henry aliamuru mateka wauawe. Watu waliokwisha kusalimu amri wakachinjwa. Shambulio aliloliogopa halikuja. Eleza hofu yake, kisha usiitumie kumsafisha. Jibu linalosifu ushindi na kuliruka jambo hili ni nusu ya jibu.

Swali la 5. Fafanua jinsi amri moja ilivyopotoka Balaclava.

Hili ndilo swali la kulisoma mara mbili.

Waingereza, Wafaransa na Waosmani walikuwa wameuzingira mji wa Warusi wa Sevastopol, na Balaclava ilikuwa bandari ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 25 Warusi chini ya Jenerali Liprandi waliteka ngome ndogo zilizokuwa juu ya mgongo wa vilima, zikilindwa na askari wa Kiosmani. Ndani yake kulikuwa na mizinga ya Waingereza. Kikosi cha 93 cha Waskoti kiliwazuia wapanda farasi wa Kirusi karibu na bandari, na brigedi nzito ya farasi ya Jenerali Scarlett ikawarudisha nyuma wengine. Mpaka hapo siku haikuwa mbaya kwa Waingereza.

Lord Raglan, jemadari mkuu, alikuwa juu kilimani. Aliona Warusi wakijiandaa kuikokota ile mizinga iliyotekwa. Akatoa amri: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wamzuie adui asiondoke na mizinga. Jenerali Airey akaiandika kwa penseli, na Kapteni Louis Nolan akateremka nayo mbio.

Sasa shuka naye bondeni. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, anaisoma. Pale alipo vilima vimemkinga. Mizinga inayoonekana kutoka juu haioni. Anauliza, mizinga gani? Nolan, aliyewadharau wakubwa hawa kwa kuchelewachelewa, ananyoosha mkono kwa hasira, na mkono unaelekea mwisho wa bonde, kulikopangwa mizinga ya Warusi wenyewe. Lucan anampa amri Lord Cardigan, mkuu wa brigedi nyepesi. Wawili hao ni mashemeji wasiopendana. Cardigan anasema kuna mizinga mbele na bunduki pande zote mbili. Lucan anajibu kwamba ndivyo alivyotaka Raglan. Hawakai kushauriana.

Wapanda farasi kama 670 wakaingia katika bonde la kilomita 2 hivi, wakipigwa kutoka mbele, kulia na kushoto. Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, na alichokusudia mkono wake akaondoka nacho. Walifika kwenye mizinga, wakapigana, wakarudi kwa njia ileile. Waliuawa kama 110, mamia ya farasi wakapotea.

Nani alaumiwe? Mtahini anapenda upime. Mimi naanzia kwa Raglan: mtu aliye juu akiona mambo ambayo wa chini hawayaoni, ni wajibu wake kutaja mahali. Lakini Lucan naye alikuwa na ulimi.

Swali la 6. Petrograd ilikuwa vita?

Kwa kiasi kidogo. Manowari Aurora ilipiga risasi tupu isiyo na kombora kama ishara. Walinzi wa Kasri waliendelea kupungua saa baada ya saa, na Waziri Mkuu Kerensky alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kutafuta askari. Damu nyingi ilimwagika baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Swali la 7. Eleza yaliyotokea Leyte tarehe 25 Oktoba 1944.

Mapigano yote ya Leyte yalichukua tarehe 23 hadi 26. Wamarekani walikuwa wameteremsha jeshi kisiwani tarehe 20, na Wajapani wakapanga kuzipiga meli zao kutoka pande kadhaa.

Alfajiri, katika mlangobahari wa Surigao, kikosi cha Admirali Nishimura kiliangamizwa. Kati ya manowari kubwa 6 za Marekani zilizomsubiri, 5 zilikuwepo Pearl Harbor siku iliposhambuliwa mwaka 1941.

Karibu saa moja asubuhi, upande wa kisiwa cha Samar, Admirali Kurita alitokeza na manowari kubwa 4, mojawapo Yamato, yenye mizinga 9 ya milimita 460. Mbele yake kulikuwa na kikosi kidogo cha Admirali Clifton Sprague: meli 6 ndogo za kubeba ndege na manowari 7 za kuzisindikiza. Kamanda Ernest Evans wa manowari Johnston, yenye mizinga 5 ya milimita 127, hakungoja kuamriwa. Alitandaza moshi kuzificha meli za wenzake, akageuza chombo kumwelekea adui, akapiga topedo zilizovunja omo ya manowari Kumano. Johnston ilizama na Evans akafa. Kurita, akidhani amekutana na kikosi kikubwa kuliko kilivyokuwa, alikatisha mapigano akageuka. Siku hiyohiyo marubani wa Kijapani wa kujitoa mhanga, kamikaze, waliizamisha St. Lo, mojawapo ya meli hizo ndogo za kubeba ndege.

Swali la 8. Kurita alipotokeza, Admirali Halsey wa Marekani na manowari zake kubwa walikuwa wapi?

Kaskazini, wakifukuza meli za kubeba ndege za Admirali Ozawa wa Japani. Zilikuwa chambo, hazikuwa na ndege za kutosha kupigana. Kutoka Hawaii, mkubwa wake, Admirali Nimitz, alimtumia ujumbe kuuliza kikosi namba 34, chenye manowari hizo, kiko wapi. Kwa desturi, ujumbe wa siri uliongezwa maneno ya kujazia mwanzoni na mwishoni ili kumpoteza adui anayedukiza. Ya mwishoni hayakuondolewa, na Halsey akasoma kana kwamba mkubwa wake anaongeza kuwa dunia inashangaa. Aliona ametukanwa, akatupa kofia yake sakafuni. Alipogeuza meli kurudi kusini, Kurita alikuwa ameshaacha kupigana.

Swali la 9. Kwa nini Marekani iliingia Grenada, na habari ilizokuwa nazo zilikuwa sahihi kiasi gani?

Waziri Mkuu Maurice Bishop aliuawa tarehe 19 Oktoba 1983 baada ya mgawanyiko ndani ya chama chake. Rais Reagan alitaja usalama wa wanafunzi wa udaktari wa Kimarekani na ombi la visiwa jirani. Uwanja wa ndege wa Point Salines, uliokuwa ukijengwa kwa msaada wa Kuba, ulimkera tangu kabla. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani uvamizi huo.

Wamarekani 19 walikufa. Ndege zao zilipiga hospitali ya wagonjwa wa akili kwa makosa, wagonjwa wakauawa. Baadhi ya askari walitumia ramani za watalii. Wale waliofika kwenye majengo ya chuo cha wanafunzi hao pale True Blue siku ya kwanza waliwakuta wanafunzi wachache, wakaambiwa na haohao kwamba wenzao wengi wako Grand Anse, kampasi ambayo jeshi halikuijua. Wa Grand Anse walichukuliwa kwa helikopta kesho yake, tarehe 26.