SOMO LA UFUNDI: KUONGEZA RAM KATIKA LAPTOPU YA ZAMANI



Hapa Kakuma na Kalobeyei laptopu nyingi zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kufika mikononi mwetu. Baadhi zimeletwa na ndugu walio ng'ambo, baadhi zimenunuliwa Nairobi zikiwa mitumba, na baadhi ni mali ya vikundi vya vijana. Mwanafunzi anasomea humo. Mwandishi wa barua na mpiga chapa wanapata riziki humo. Mashine ikianza kuwa nzito, masomo na riziki vinakwama, na kila mtu anatoa ushauri mmoja: "Ongeza RAM."

Ushauri huo mara nyingine ni sahihi, na mara nyingine ni kutupa pesa. Muuzaji wa mjini harudishi pesa kwa urahisi ukimwambia kipande hakikuingia. Nawe huwezi kwenda Lodwar leo na kurudi tena kesho, maana safari inataka kibali na nauli. Kwa hiyo somo hili lina shabaha moja: upime kwanza, ununue baadaye, na ununue kile tu ambacho mashine yako inakikubali.

1. RAM NI NINI?

Mtazame fundi cherehani. Nguo anazoshona sasa ziko juu ya meza. Zile za kesho ziko sandukuni. Meza ikiwa pana, kazi inakwenda haraka. Meza ikiwa finyu, kila mara lazima ainuke, arudishe nguo moja sandukuni na kutoa nyingine.

Katika kompyuta, sanduku ni diski na meza ni RAM. Programu unayoifungua inatandazwa kwenye RAM. RAM ikijaa, kompyuta inapeleka baadhi ya vitu diskini na kuvirudisha, tena na tena. Ndiyo maana taa ya diski huwaka bila kupumzika na mshale wa kipanya hukwama.

Kutokana na mfano huu tunajifunza mambo mawili. Kwanza, picha, barua na masomo yako vinakaa diskini, si kwenye RAM. Kubadilisha RAM hakufuti kitu ulichokwisha kuhifadhi. Pili, kuongeza RAM hakukupi nafasi ya kuweka filamu na nyimbo zaidi. Ukiambiwa hivyo, usikubali.

2. JE, NI KWELI RAM HAITOSHI?

Usipime mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Fungua kwanza vitu vyote unavyotumia siku ya kazi: ukurasa wa masomo, barua, hesabu. Kisha fanya hivi:

(a) Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tafuta sehemu iliyoandikwa "Performance", kisha "Memory".
(b) Kwenye Linux, fungua dirisha la amri na uandike: free -h

Utaona tarakimu mbili: RAM iliyopo na RAM inayotumika. Tuseme mashine ina GB 4. Ikionyesha kwamba GB 3.7 zimetumika, meza imejaa, na kuongeza RAM kutasaidia. Ikionyesha GB 2 tu huku mashine bado ni nzito, tatizo liko mahali pengine. Huenda diski imechoka au imejaa, kuna virusi, feni imezibwa na vumbi, au programu nyingi zinajiwasha zenyewe. Hapo RAM mpya haitakusaidia kitu.

Angalia pia aina ya Windows. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na kwa kawaida unapata kama GB 3 na nusu hivi. Ukiweka GB 8 humo, nyingine zitakaa bure mpaka uweke mfumo wa biti 64, iwapo kichakato cha mashine kinauruhusu.

Jambo jingine ni umri wa mfumo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi rasmi na Windows 11, hata zikiwa na RAM nyingi. Kwa mashine kama hizo, Linux Mint ni njia ya bure. Inahitaji angalau GB 2 za RAM, na inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa na GB 4.

3. JUA AINA YA RAM YA MASHINE YAKO

RAM za laptopu hazifanani, na kila aina ina pengo lake kati ya meno ya dhahabu. Pengo likiwa mahali tofauti, kipande hakiingii. Usikilazimishe kwa nguvu, utavunja nafasi yake. Aina zenyewe ni hizi:

DDR2: meno 200, volti 1.8. Lebo huanza na PC2.
DDR3: meno 204, volti 1.5. Lebo huanza na PC3.
DDR3L: meno 204, volti 1.35. Lebo huanza na PC3L.
DDR4: meno 260, volti 1.2. Lebo huanza na PC4.
DDR5: meno 262, volti 1.1. Lebo huanza na PC5.

Kuweni waangalifu na DDR3 na DDR3L. Kwa macho zinafanana, na pengo ni lile lile. Kwa kawaida DDR3L hufanya kazi pia katika mashine ya DDR3, lakini mashine iliyotengenezwa kwa DDR3L inaweza kukataa DDR3. Kama lebo ya ndani imeandikwa PC3L, nunua PC3L tu. Kumbuka pia kwamba RAM ya kompyuta ya mezani ni ndefu, karibu mara mbili ya ile ya laptopu. Haiingii.

Sasa hesabu nafasi. Windows za karibuni huonyesha pale pale kwenye "Memory" maneno kama "Slots used: 1 of 2", maana yake nafasi ziko mbili na moja ndiyo imejaa. Kwenye Linux andika: sudo dmidecode -t memory

Njia ya uhakika kuliko zote ni kufungua kifuniko, kutazama, na kupiga picha ya lebo kwa simu. Nenda na picha hiyo dukani, au itume kwa mtu anayekununulia.

Tahadhari: baadhi ya laptopu, hasa zile nyembamba, RAM yake imelehemiwa kwenye bao. Haitoki wala haiongezwi. MacBook Air zote, tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008, ziko hivyo.

4. HESABU KABLA YA KUTOA PESA

Tuchukue mfano wa ThinkPad X220, laptopu ya mwaka 2011 ambayo bado inaonekana sana kwenye mitumba. Ina nafasi mbili za DDR3, chini ya kifuniko kilicho tumboni mwa mashine. Kiwanda kiliandika kwamba ukomo wake ni GB 8.

Tuseme yako ina kipande kimoja cha GB 4 na nafasi moja iko wazi. Muuzaji atapenda kukuuzia vipande viwili vya GB 8. Lakini ukinunua kimoja tu cha GB 4 cha aina ile ile, unafika GB 8, na kile cha zamani kinaendelea na kazi. Kwa kusoma, kuandika na kutumia mtandao, GB 8 zinatosha.

Kama nafasi zote mbili zimejaa vipande vya GB 2, itabidi kimoja kitoke. Ukiweka cha GB 4 mahali pake unapata GB 6, nayo ni nafuu kubwa. Vipande vya ukubwa tofauti kwa kawaida hukubali kukaa pamoja. Vikiwa na kasi tofauti, vyote hufuata kasi ya kile cha polepole. Usitupe kipande kilichotoka, kwa kuwa kinaweza kumfaa jirani.

Kwa mashine nyingi za DDR3, kipande kimoja hakipaswi kuzidi GB 8. Ukiuziwa cha GB 16, huenda mashine isiwake.

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye RAM za mitambo ya akili bandia. Hivyo usinunue kwa kukisia. Kama laptopu yako ina diski ya kizamani inayozunguka, linganisha kwanza bei ya RAM na bei ya diski ya SSD. Mwenye GB 4 anayelalamika kwamba mashine inachelewa kuwaka hufaidika zaidi na SSD.

5. KUWEKA RAM, HATUA KWA HATUA

Vifaa: bisibisi ndogo ya nyota, kitambaa safi cha pamba, kikombe cha kuwekea skrubu, na simu ya kupigia picha. Fanya kazi ndani, mlango umefungwa, saa ambayo upepo wa vumbi umetulia.

Huku kwetu hewa ni kavu, na hewa kavu huzidisha umeme tuli, ule unaokushtua ukivua sweta. Wewe hutausikia kila mara, lakini unaweza kuua RAM. Usifanyie kazi juu ya blanketi. Kabla ya kugusa RAM, shika chuma kilichochimbiwa ardhini, kama nguzo ya mlango, na urudie kila baada ya muda.

(1) Hifadhi kazi zako. Zima mashine kabisa, usiilaze tu.
(2) Chomoa chaja, kisha toa betri. Kama betri imefungiwa ndani, lazima uchomoe waya wake kwenye bao kabla ya kugusa kitu kingine. Usipoujua, mwachie fundi.
(3) Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, umeme uliobaki uishe.
(4) Geuza mashine juu ya kitambaa na ufungue kifuniko. Weka skrubu kikombeni. Piga picha.
(5) Kutoa kipande: sukuma nje vishikizo viwili vya pembeni kwa pamoja. Kipande kitainuka chenyewe upande mmoja. Kivute taratibu kwa kukishika kingo. Usiguse meno.
(6) Kuweka kipande: linganisha pengo na kijino cha nafasi. Kiingize kikiwa kimeinama kidogo, mpaka meno ya dhahabu yazame. Kisha kilaze kwa vidole viwili mpaka usikie vishikizo vikilia "tak".
(7) Rudisha kifuniko na betri, kisha washa.

Mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda kuliko kawaida. Subiri. Ikiwaka, rudi kwenye "Memory" uone kama tarakimu imeongezeka. Halafu pima kipande: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, na ukubali mashine ijiwashe upya. Kipimo hiki huchukua muda, basi kifanye saa ambayo umeme una uhakika.

6. IKIKATAA KUWAKA

Usiogope. Mara nyingi kipande hakikuzama vizuri. Zima, toa betri, kitoe na kukirudisha. Ikishindikana, futa meno yake taratibu kwa raba safi ya penseli, mbali na mashine, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Jaribu kipande kimoja kimoja, na katika kila nafasi. Ikiwaka na cha zamani lakini ikakataa kipya, kipya ndicho kibovu au si aina yake. Kwa sababu hiyo, patana na muuzaji kabla ya kulipa: kikikataa, akibadilishe kwa siku ngapi? Aandike kwenye risiti.

7. UKIPELEKA KWA FUNDI

Mafundi wengi ni waaminifu, lakini mashine iliyofungwa haionyeshi kilichotolewa. Kabla ya kumkabidhi, andika RAM iliyopo na ukubwa wa diski, na umwonyeshe kwamba umeandika. Omba aifungue mbele yako. Ukirudi kuichukua, iwashe na ulinganishe kabla ya kutoa malipo. Fundi mzuri hatachukia.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Laptopu ya GB 4 inatumia GB 2 tu wakati wa kazi, lakini ni nzito. Je, ununue RAM?
2. Lebo ya ndani inasema PC3L. Unaletewa PC3 kwa bei nafuu. Utafanya nini?
3. Kwa nini tunagusa chuma kabla ya kugusa RAM?

Majibu: (1) Hapana. Kagua kwanza diski, virusi, vumbi na programu zinazojiwasha. (2) Kataa, na usubiri PC3L. (3) Kuondoa umeme tuli mwilini.

Wenye vikundi, someni somo hili pamoja, na mmoja wenu aandike kwenye daftari aina ya RAM ya kila mashine ya kikundi. Siku msafara wa kwenda mjini utakapopatikana, daftari hilo litasafiri pamoja na pesa.