Hakuna Bamvua Lisilo Usubi: Elimu ya Bahari na Istilahi Zake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapokutana na methali "Hakuna bamvua lisilo usubi" aghalabu huelezwa maana yake kwa pupa: hakuna jema lisilo na kasoro. Akishaiandika maana hiyo daftarini, hupita akaenda kwenye methali nyingine. Ni nadra aulizwe bamvua ni nini, usubi ni wadudu gani, na kwa nini wahenga waliviunganisha viwili hivyo badala ya kuunganisha, kwa mfano, maji mafu na nzi. Ilhali methali hii ilikuwa taarifa ya mazingira kabla ya kuwa fumbo. Bamvua ni kile kipindi ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja na nguvu za mvutano hujumlika. Usubi ni vijidudu viumavyo ambavyo viluwiluwi vyake hukulia katika tope la mikoko na fuo zilowanazo. Watafiti wa wadudu katika mikoko ya kaskazini mwa Australia wameonyesha kwamba aina mojawapo ya usubi huibuka kwa wingi kwa kufuata mizunguko ya bamvua. Jambo ambalo mtaalamu hulithibitisha kwa mitego na majedwali, mvuvi alikwisha kulihifadhi kwa maneno manne.

Makala haya yanadai kwamba Kiswahili cha pwani kina hazina ya maarifa ya bahari iliyopangwa kwa utaratibu, na kwamba uundaji wa istilahi za sayansi ya bahari unaopuuza hazina hiyo huzaa maneno yasiyo na watumiaji. Eneo linalochunguzwa ni la Malindi na Kilifi, kutoka Ngomeni hadi Kuruwitu. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambazo bahari yake imechunguzwa kwa muda mrefu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa za kwanza nchini Kenya. Mwaka 1979 ziliingizwa katika mtandao wa UNESCO wa hifadhi za bayongahewa. Tangu wakati huo matumbawe, samaki, kasa na ndege wake wamehesabiwa na kuandikwa mno, lakini karibu maandishi yote hayo yamo katika Kiingereza.

Majira na maji

Mgawanyo wa mwaka ndio mfano ulio wazi zaidi. Mvuvi wa Malindi haugawi mwaka kwa miezi ya kalenda bali kwa pepo: kaskazi, kusi, na vipindi vya katikati viitwavyo tanga mbili au matlai. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia, maji huwa ya moto na maangavu, na vyombo vidogo huthubutu kutoka nje ya mwamba. Wakati wa kusi, upepo huvuma kwa nguvu, maji hupoa na kuchafuka, na wengi huvua ndani ya mwamba au hukaa wakishona nyavu. Mwaka 1988 Tim McClanahan alichapisha makala kuhusu majira ya maji ya pwani ya Afrika Mashariki. Aliyaeleza majira hayo mawili kwa vipimo vya joto, mvua, mawingu na nguvu za upepo, na mgawanyo wake ukaangukia palepale pa kaskazi na kusi. Si ajabu kwamba maneno hayo mawili huonekana katika majarida ya kisayansi ya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Tofauti hiyo ya pepo huamua hata rangi ya bahari. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, hubeba udongo mwingi kutoka nyanda za bara na kuumwaga kaskazini mwa mji wa Malindi. Wakati wa kusi tope hilo husukumwa kuelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi hugeuka na kushuka kusini, likafika ufukweni mwa mji na hata kwenye matumbawe ya hifadhi. Watafiti waliodhani kwamba tope hilo lingeyaua matumbawe yote walikuta, katika miaka ya 1990, kuwa hali ni tata zaidi: aina zinazostahimili mashapo huzidi, nyinginezo hupungua. (Msomaji wa isimu atakumbuka kwamba jina la mto huuhuu ndilo walilolipa wanaisimu kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kikomoro, Kimijikenda na Kipokomo, kama livyo katika kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha mwaka 1993.)

Mikoko ya Mida

Hori la Mida, karibu na Watamu, halina mto wa kudumu unaoingia ndani yake. Uhai wake hutegemea maji ya bahari yaingiayo na kutoka pamoja na maji baridi yachuruzikayo chini ya ardhi. Maji yakipwa hubakia uwanda mpana wa tope, na hapo hufika ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia. Yupo pia ndege mmoja mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, alaye kaa, ambaye hutaga mayai katika mashimo ya mchanga kwenye fuo za Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, kisha huja kupitisha msimu hapa.

Lakini kinachomhusu mwanafunzi wa Kiswahili zaidi ni miti. Mtu wa bara, na vitabu vingi vya shule, huiita yote "mikoko". Wakata boriti hawasemi hivyo. Kwao mkoko ni mti mmoja, ule wenye mizizi iliyojipinda juu ya maji kama miguu ya kaa. Mlilana ndio utanguliao mbele baharini. Nyuma yake huja mkoko, muia na mkandaa. Na mchu, wenye mizizi inayochomoza topeni kama kalamu zilizosimikwa, huonekana sana upande wa nchi kavu. Wako pia kikandaa, mkomafi na msikundazi. Kenya ina aina 9 za miti ya jamii hii, na takriban kila moja ina jina lake la Kiswahili lenye kulingana na jina moja la Kilatini. Mpangilio wa miti kutoka majini hadi nchi kavu, ambao wanabotania hutumia kurasa kadhaa kuueleza, umo katika mazungumzo ya kawaida ya wakata boriti, kwa sababu kila mti una ugumu wake, matumizi yake na bei yake. Hapa hakuna istilahi ya kubuniwa. Kazi iliyopo ni kukusanya na kuandika, tena mapema, maana boriti inapoacha kujengewa, majina hupungua vinywani.

Silikanti, mwani na matumbawe

Hata hivyo, itakuwa kosa kudai kwamba lugha ya wavuvi inatosha kwa kila jambo. Mwezi Aprili 2001 meli ya uvuvi iliyokuwa ikikokota wavu nje ya Malindi ilimnasa samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha kuangamia pamoja na dinosaria, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huyo wa Malindi alikuwa wa kwanza kurekodiwa Kenya. Anaishi kwenye vina virefu visivyofikiwa na mshipi wa kawaida wa pwani hii, na kwa hiyo hapakuwa na jina lililozoeleka la kumpa. Nchini Tanzania, ambako walinaswa wengi kuanzia mwaka 2003 na hifadhi ya bahari ikatengwa Tanga mwaka 2009, wameitwa silikanti. Utohozi huo umefaulu, kwani unatamkika na umepewa nafasi katika ngeli ya A-WA bila tabu. Lakini Wakomoro, ndugu wa karibu kilugha, walikuwa wakimwita gombesa miaka mingi, na ni vigumu kuona sababu ya kulipita jina hilo na kuvuka bahari hadi Ugiriki.

Neno mwani lina tatizo la aina nyingine. Kwa mvuvi, mwani ni kila kijani kinachoota chini ya bahari. Kwa mtaalamu, vitu viwili tofauti vimetiwa katika kapu moja: mwani wenyewe, usio na maua wala mizizi ya kweli, na mimea yenye maua iotayo kama majani ya malisho, ambayo ndiyo chakula cha kasa, tafi na nguva. Huko Zanzibar mwani ni zao la kuuzwa tangu mwaka 1989. Agizo la "kuhifadhi mwani" linaweza basi kueleweka kwa namna mbili zisizolingana. Istilahi "nyasi bahari" inajibu haja ya kweli na inastahili kuenezwa.

Matumbawe nayo ni mtihani. Mji wa kale wa Gede ulijengwa kwa mawe yachimbwayo kwenye matumbawe, na katika fikra za wengi tumbawe ni jiwe. Sayansi inasema ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo sana, ambao ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, wanyama hao huwatoa wapangaji wao na kubaki weupe. Ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa kaskazi ya mwaka 1998, wakati wa El Nino, ambapo sehemu kubwa ya matumbawe hai ya Kenya ilikufa, na hali hiyo imerejea katika miaka ya baadaye, ikiwemo 2016 na 2024. Kiswahili kimeiita hali hiyo kupauka, kitenzi kilekile kitumikacho kwa kanga iliyofuliwa mno au ngozi isiyopakwa mafuta. Ni chaguo zuri, ila linaweza kupotosha: kanga iliyopauka haifi.

Tengefu

Neno lililofaulu kuliko yote halikutoka katika kamusi yoyote ya sayansi. Katikati ya miaka ya 2000 wavuvi wa Kuruwitu, kusini mwa mji wa Kilifi, walikubaliana kufunga takriban hekta 30 za bahari yao zisivuliwe. Samaki walikuwa wamepungua. Kikande na wenzake, wawalao viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu, wakiisha kuvuliwa, viumbe hao huzidi na kuutafuna mwamba. Na kikande huchukua miaka mingi kurejea. Eneo lililofungwa liliitwa tengefu. Neno hilo limetokana na kitenzi tenga na lina kiambishi tamati -fu, kama katika angalifu. Tanzania imelitumia nchi kavu katika "pori tengefu". Hapa liliingia baharini likawa nomino, vijiji vingine vikalichukua, na hatimaye likaanza kuandikwa katika makala za Kiingereza za watafiti. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Tengefu lilikubalika kwa kuwa wanaolitumia ndio waliolihitaji kwanza, barazani, walipokuwa wakibishana mpaka upite wapi. Kanuni za mwaka 2007 zimewapa wavuvi wa Kenya vikundi vya kusimamia fuo zao, nao hujadili matundu ya nyavu, juya, malema na vipindi vya kufunga uvuvi kwa Kiswahili na Kigiriama. Ripoti zinazotoa hoja za kufunga au kufungua huwafikia kwa Kiingereza, au kwa mdomo wa mtafsiri aliyeajiriwa siku hiyohiyo, asiyejua kama "mwani" anaoutaja ni ule wenye maua au ule usio nayo. Mzee aliyezijua bahari zote mbili, ya kusi na ya kaskazi, hunyoosha mkono kukubali au kukataa jambo ambalo hakuambiwa kwa ukamilifu.

Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, mwendo mfupi kutoka kwenye hori, na kina wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi ya bahari katika uwanja mmoja.