Baiskeli ya nani, Baba Nasra?

*Shikamoo Shangazi. Naishi Segerea, Dar es Salaam, nina mke na mtoto mmoja. Binti yetu Nasra anatimiza miaka mitano mwezi ujao, na nilimwahidi baiskeli siku akizijua herufi zote. Amezijua. Nimeshaziona tatu. Moja iko dukani Masaki, ya alumini, nyepesi, wanataka 620,000. Nyingine iko Kariakoo, mpya, ina kikapu na vigurudumu vya pembeni, 185,000. Ya tatu ni mtumba kwa fundi wa mtaani kwetu, 80,000, rangi imechubuka. Mke wangu anasema mtumba unatosha, Januari kuna ada. Kaka yangu aliyeko Muscat anasema rahisi ghali, nisimnunulie mtoto takataka. Mimi moyo uko Masaki, naweza kukopa kwenye kikoba nikalipa kwa miezi minne. Tena nafikiria nichukue ya inchi 20 ili akue nayo. Tangu Jumapili mimi na mama yake tunasalimiana tu. Shangazi, nimekulia Tabora, mji mzima unapanda baiskeli, na sikuwahi kuwa na yangu. Nitumie shilingi ngapi?*

*Baba Nasra*

Marahaba, Baba Nasra. Mpe Nasra hongera zangu za herufi.

Nianze na hiyo inchi 20, maana ndiyo inayoweza kumvunja mtoto mkono. Mengine yote uliyoandika yatavunja mfuko tu.

Najua wazo limetoka wapi. Sisi ni watu wa “atakua nayo”. Sare ya shule tunanunua inayofunika vidole, viatu tunajaza karatasi mbele, na mtoto anasoma hadi anafaulu. Shati kubwa halimwangushi mtu. Baiskeli kubwa inamwangusha, kwa sababu mtoto anayejifunza hana breki anayoiamini kuliko nyayo zake. Akiyumba tu, anashusha miguu. Miguu ikikuta ardhi, anacheka na kuanza tena. Ikikuta hewa, amekwenda na usukani, na wiki ijayo ukimwita atakwambia tumbo linamuuma.

Inchi 20 ni ya mtoto wa miaka saba hivi na kuendelea. Wa miaka mitano mara nyingi anakaa kwenye 14 au 16, lakini hata hizo namba zisikupumbaze, zinapima gurudumu, hazimpimi Nasra. Mpime mwenyewe. Asimame ukutani bila viatu, umwekee daftari gumu katikati ya mapaja, ulipandishe mpaka ligome, utie alama ya penseli ukutani kwenye ukingo wa juu. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama ndicho kipimo chako. Kiandike kiganjani uende nacho. Siti ikishushwa mpaka chini kabisa isizidi kipimo hicho. Ikizidi, hiyo si ya Nasra, hata kama unapewa bure.

Sasa uzito. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kaka yako alipo na haki, ingawa nadhani hakujua.

Mtoto wa kike wa miaka mitano ana kilo kama 18. Baiskeli nyingi mpya za bei ya chini, za chuma, ukijumlisha kikapu, kava ya cheni na vile vigurudumu vya pembeni, zinafika kilo kumi bila shida. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mtoto. Wewe una kilo ngapi? Tuseme 72. Basi ni kama mtu akupe baiskeli ya kilo 40 akwambie jifunze, jua kali, kwenye mchanga. Hata zile Phoenix za Tabora, za kubebea magunia, hazifiki huko. Halafu mtoto akichoka baada ya dakika kumi tunasema hapendi baiskeli.

Kwa hiyo ile ya Masaki haikukuvutia kwa ujinga. Fremu ya alumini iliyotengenezwa kwa kufikiria mtoto inaweza kuwa kilo sita, wakati mwingine chini ya hapo, na tofauti hiyo mtoto anaisikia kwenye kila kimlima. Ukipata nafasi, nenda na zile mbili za bei ndogo, ya Kariakoo na ya fundi, kwa kijana yeyote mwenye mizani ya barabarani. Panda mizani mikono mitupu, panda tena umebeba baiskeli, toa. Atakushangaa, mlipe aendelee kukushangaa. Kwangu mimi, ikipita kilo tisa naiacha, na ikiwa saba au nane nafurahi.

Ila kukubali kwamba ni nzuri hakuifanyi iwe na thamani ya 620,000 kwako. Nasra ataitumia kama miaka miwili, kisha magoti yatagonga usukani. Siku hiyo utataka kuiuza. Kwenye nchi zinakotoka, baiskeli nyepesi za watoto zinashika bei hata zikiwa zimetumika, kwa kuwa mnunuzi anajua anachonunua. Segerea mnunuzi ataangalia kama inang’aa na kama ina kikapu. Utamweleza habari za alumini, atakupa laki na nusu na kukuonea huruma. Miaka miwili itakuwa imekula karibu laki tano. Kama laki tano haikugusi, nunua na Mungu akubariki. Lakini inakugusa, ndiyo maana umetaja kikoba. Mkopo wa kikoba una riba, na una mashahidi: kila mkikutana kuna mama atakuuliza ile baiskeli ya dhahabu inaendeleaje.

Ya Kariakoo siitukani. Wako watoto wengi waliojifunza kwenye hizo na leo ni watu wazima wenye akili zao. Shida yangu nayo ni kwamba bei yake kubwa imekwenda kwenye mapambo. Kikapu kitang’oka mwezi wa pili. Vigurudumu vya pembeni navyo, nitakuja kwavyo.

Mtumba. Mama Nasra ana jicho zuri, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mwanamke mwenzangu. Nyingi za baiskeli hizi zimetoka Ulaya na Japani, na sababu ya kuachwa mara nyingi ni ndogo sana: mwenyewe amerefuka. Mtoto wa miaka mitano hana nguvu ya kumaliza fremu. Michubuko ya rangi ni historia ya kuangushwa sebuleni. Lakini mtumba unanunuliwa kwa macho na mikono, kwa hiyo usimwachie fundi asimulie peke yake.

Geuza baiskeli miguu juu. Tazama viungio vya fremu, pale chuma kilipounganishwa na chuma, hasa chini ya usukani. Ukiona ufa, au rangi mpya mahali pamoja wakati kwingine kote kumezeeka, ondoka. Kuna kitu kimefichwa. Zungusha gurudumu ukiangalia nafasi kati ya rimu na raba za breki. Likicheza kidogo, fundi atanyoosha kwa spoki. Likipiga nane kabisa, shusha bei au acha. Tikisa pedeli kushoto na kulia. Bonyeza tairi uone kama limepasukapasuka ubavuni, maana mpira unazeeka hata kama haukutembea. Tairi nene ni bora kwenu kuliko jembamba, Segerea ina mchanga unaomeza. Angalia na valvu: ikiwa ni ile ya gari na pikipiki, utajaza upepo popote wanapojaza bodaboda.

Kisha breki, na hapa mpeleke Nasra mwenyewe. Avute kwa vidole vyake, si vyako. Breki ambayo baba anaivuta kwa kidole kimoja inaweza kumshinda mtoto kwa mikono miwili. Nyingine hazina breki ya mkono ya nyuma, unasimama kwa kukanyaga pedeli kurudi nyuma. Hizo ni nzuri kwa mikono midogo, ila zina tabu moja ambayo utaiona nikifika kwenye kufundisha. Mimi kwa Nasra ningependa za mkono, zikiwa laini.

Umeuliza shilingi ngapi. Laki moja na nusu, kila kitu ndani. Mtumba 80,000, na jaribu 70,000, fundi ameshakuona ukipita mara tatu. Tenga 30,000 ya matengenezo: tyubu, raba za breki, grisi kwenye gololi, cheni ikibidi. Tenga 30,000 ya helmeti ya ukubwa wa kichwa chake, mpya, isiyoteleza kufunika macho. Hiyo tu usichukue mtumba, kwa sababu helmeti iliyowahi kupigwa haionyeshi. Kumi inayobaki ni bomba la upepo na kichupa cha mafuta ya cheni. Hewa ya chumvi ya Dar inakula cheni kama mchwa, na watu wengi wanatupa baiskeli iliyokuwa inadai mafuta ya elfu mbili. Ikiwa ya fundi wako itashindwa mtihani wa mizani au wa fremu, subiri. Mzigo mwingine utafunguliwa. Siku ya kuzaliwa inaweza kula keki wiki hii na baiskeli wiki ijayo.

Sasa vigurudumu vya pembeni. Vinamfundisha mtoto kukanyaga pedeli, kazi ambayo angeijua kwa nusu saa, na vinamnyima kujifunza kusawazisha, ambayo ndiyo baiskeli yenyewe. Tena mtoto mwenye vigurudumu hivyo huzoea kuegemea upande usiofaa kwenye kona. Wewe fanya hivi: chukua spana namba 15, ng’oa pedeli zote mbili, shusha siti mpaka nyayo zikae zote chini. Ya kulia inafunguka kawaida. Ya kushoto imekatwa nyuzi kinyume, inafunguka ukiizungusha kama unayekaza. Wanaume wengi wameharibu pedeli ya kushoto kwa kutokubali hilo. Nasra atajisukuma kwa miguu, kwanza kama anayetembea, kisha hatua ndefu, kisha siku moja utaona ameinua miguu yote miwili na anateleza. Siku hiyo usipige kelele. Mwache ateleze siku kadhaa, ndipo urudishe pedeli. Na ndiyo ile tabu ya breki ya kukanyaga: bila pedeli, haina breki, kwa hiyo itabidi ajifunzie mahali tambarare kabisa.

Baiskeli yenyewe ilizaliwa hivyohivyo. Ile mashine ya magurudumu mawili ambayo Karl von Drais aliiendesha Mannheim mwaka 1817 haikuwa na pedeli, watu walijisukuma kwa miguu ardhini. Pedeli zilikuja kupachikwa kwenye gurudumu la mbele huko Paris miaka ya 1860. Kama watu wazima walihitaji miaka arobaini, Nasra mpe wiki tatu.

Na tafuteni uwanja. Vichochoro vyenu vina bodaboda zinazokata kona bila honi. Uwanja wa shule Jumapili asubuhi, mlinzi akiombwa vizuri, unatosha.

Kaka yako mwambie nimemsikia. Rahisi ghali ni kweli kwa kitu kitakachokaa. Akisisitiza, aongezee yeye helmeti.

Limebaki moja, nalo sikuulizwa. Ulipoandika Tabora nilisimama kidogo. Nimewaona watoto wa huko wakiendesha baiskeli za baba zao kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo wa juu, mwili umepinda upande mmoja kama ndizi, kichwa hakifiki usukanini, na wanakwenda! Nadhani na wewe ulipinda hivyo, baiskeli ya mtu, kwa dakika alizokuhesabia. Baiskeli ya Masaki ni ya yule mtoto, Baba Nasra, ndiyo maana umeitaka ya inchi 20. Nasra yeye hajawahi kulilia alumini. Wewe jaribu kumuuliza anataka nini kwenye baiskeli yake. Mimi naweka dau kwamba atasema kengele.

Mwambie mke wako alikuwa sahihi, na umwambie kabla ya kwenda kwa fundi, si baada. Nendeni wote watatu Jumamosi. Yeye ndiye ajadili bei.

Halafu, ada ya Januari ikishalipwa na kikoba kikiwa hakikudai, mwulize fundi huyohuyo kama ana Phoenix ya mtumba yenye keria imara nyuma. Hiyo pima kwa miguu yako.

Shangazi